Thali Isiyo na Kitunguu: Mlo wa Kijaini Mombasa, na Maswali Yanayoletwa Nao Mezani

Upo mkahawa mdogo kisiwani Mombasa, upande wa kuelekea Mji wa Kale, unaouza mlo wa aina moja tu: thali ya Kigujarati, sinia yenye vibakuli vya vyakula mbalimbali, iliyopikwa kwa masharti ya dini ya Kijaini iliyotoka India, yaani bila nyama, bila samaki, bila mayai, bila asali, na zaidi ya hayo, bila chochote kilichong'olewa ardhini. Hapana kitunguu, hapana saumu, hapana kiazi, hapana karoti. Kwa mji ambao viazi karai huuzwa kila kona, na ambao mchuzi usio na kitunguu huhesabiwa kuwa maji ya moto yaliyotiwa rangi, masharti hayo ni magumu kuyaelewa kabla mtu hajaketi na kula. Mwenye mkahawa aliniomba nisiutaje kwa jina, kwa kuwa meza zake ni chache na wateja wake wa kila siku wanamtosha. Nimekubali, na ninaandika hata hivyo, kwa sababu mengi ya haya yatamfaa yeyote atakayewekewa thali ya aina hii, iwe ni Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam.

Nianze na chakula, maana ndicho kilichotupeleka. Kwa shilingi 700 mteja huletewa sinia ya chuma kisichoshika kutu yenye vibakuli sita, na mhudumu huendelea kuongeza mpaka mwenyewe aufunike mkono juu ya sinia. Katika vibakuli hivyo kuna dali, kadhi ya mtindi na unga wa dengu, mboga mbili zinazobadilika kila siku, kitu cha mvuke au cha kukaanga, na kitamutamu. Pembeni huja chapati nyembamba ziitwazo rotli, moja moja zikitoka motoni, kisha wali, papadi, achari ya embe na bilauri ya mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa bizari nyembamba. Dali yenyewe ni ya mbaazi, zile zile tunazozila asubuhi kwa mahamri, ila hapa zimeparazwa, zikapikwa mpaka zikayeyuka, kisha zikatiwa ndimu na sukari guru ili uchachu na utamu vishindane. Mpwani aliyezoea mbaazi za nazi atashangaa kwa vijiko viwili vya kwanza, na cha tatu atakila bila kuulizwa.

Kilichonishika zaidi ni patra. Jani kubwa la gimbi huondolewa mishipa minene ya nyuma, likapakwa uji mzito wa unga wa dengu uliochanganywa na ukwaju, sukari guru, pilipili na manjano. Juu yake huwekwa jani jingine likapakwa vivyo hivyo, na jingine tena, kisha yote huviringishwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakatwa vipande vya unene wa kidole, na mwishoni yakarushwa kwenye mafuta yenye haradali na ufuta. Mpishi mwenye haraka humwachia mlaji mwasho wa koo, kwa sababu jani la gimbi lina chembe kali ambazo moto wa kutosha na uchachu wa ukwaju ndio huzipunguza makali. Hapa hayawashi hata kidogo. Gimbi lenyewe, ambalo sisi ndilo tunalolichemsha na kulila, haliingii katika jiko hili, kwa kuwa liko chini ya ardhi. Jani lake, lililo juu, ni ruhusa. Vivyo hivyo, mahali pa kiazi hukaa ndizi mbichi, na bhajia za ndizi mbichi za mkahawa huu, nyembamba na zenye chembe za kiungo kiitwacho ajwaini, ninazipenda kuliko nyingi za viazi nilizokula mjini.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Khichdi ya wali na choroko ilikuwa pooza, na mhudumu alipoambiwa alileta samli zaidi, kana kwamba samli ni jibu la kila jambo. Kitamutamu kilikuwa kitamu kupita kiasi hata kwa mtu aliyelelewa kwa halua. Huduma ni ya upole lakini ya polepole, na mteja wa saa saba mchana husubiri rotli huku dali ikipoa mbele yake.

Harufu inayomlaki mgeni mlangoni ni ya mvuje, utomvu mkavu wa mmea. Watu wa pwani tunaujua mvuje kwa kazi nyingine kabisa: hufungwa katika kitambaa akavishwa mtoto mchanga ili kumkinga na kijicho na mashetani, na wanunuzi wengi wa soko la Marikiti huuulizia kwa ajili hiyo. Katika jiko la Kigujarati ni kiungo cha kila siku, na katika jiko la Kijaini ndicho kinachokiokoa chakula, kwa sababu chembe yake iliyotupwa katika samli ya moto hutoa ladha iliyo karibu na ya kitunguu na saumu, kwa kuwa vyote vitatu vina kemikali za salfa. Utomvu huo hutoka katika mimea ya Ferula inayoota Afghanistan na Iran. India, ambayo huutumia kwa wingi sana, ilipanda miche yake ya kwanza ya majaribio mwezi Oktoba 2020 tu, katika bonde la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh.

Rafiki niliyeandamana naye ni mfamasia, mwanamke ambaye kazi yake imemfundisha kutokubali dai lolote la afya bila kuuliza limepimwa wapi na kwa watu wangapi. Alikuwa anajua kwamba utomvu wa mvuje hukamuliwa kwa kuukata mzizi, na mzee mwenye mkahawa alipopita mezani kwetu kuulizia hali zetu, hakumwacha apite hivi hivi.

"Samahani, mzee. Mizizi hamli, na mvuje unatoka kwenye mzizi. Inakuwaje?"

Mzee alicheka, wala si kwa kukerwa. "Mwanangu, ule umekwisha kauka. Hauchipui tena. Hata tangawizi kavu tunatia, mbichi hatutii. Manjano ya unga tunatia, mabichi hatutii."

Maelezo yake yalikuwa marefu kidogo, nami nayafupisha. Bamia likichumwa, mbamia unabaki. Kitunguu kiking'olewa, mmea wote umekufa, na pamoja nao viumbe wadogo wasiohesabika ambao Wajaini husema wanaishi kwa ushirika ndani ya kila kitu kinachokua chini ya ardhi. Kila dhara analolitenda mtu, hata asilolikusudia, huleta karma. Na karma katika dini hii si hukumu ya hakimu aliyeketi mahali, wala si adhabu ya Mungu. Ni kitu halisi, chembe nyembamba zisizoonekana ambazo hujishikiza kwenye roho na kuilemea, na ambazo hupukutika kwa kujizuia, kwa kufunga na kwa kuishi bila kudhuru. Vitabu vyao huzigawa karma katika aina nane, mojawapo ikiwa ndiyo iletayo raha na maumivu ya mwili. Karma wanayoitaja vijana wa mjini, ile ya kumcheka aliyeumbuka siku ya pili baada ya kumwumbua mwenzake, ina uhusiano mdogo sana na hii. Hata msemo wetu wa malipo ni hapa hapa duniani una hesabu tofauti, kwa sababu unadai deni lilipwe upesi na mbele ya mashahidi, ilhali deni la mzee huyu linaweza kuvuka maisha kadhaa.

Itikadi hii si ngeni huku kwetu. Waoshwal, jamii ya Wajaini ambao wengi wa wazee wao walitoka vijiji vya kandokando ya Jamnagar, Gujarat, wameishi Afrika Mashariki tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hekalu la Kijaini la Mombasa, la marumaru nyeupe, lilifunguliwa mwaka 1963. Watu wengi hupita nje yake kila siku wakielekea sokoni, na ni wachache waliowahi kuuliza kinachowafanya majirani zao waepuke karoti.

Mfamasia wangu alitoka katika mazungumzo yale akiwa ameshinda hoja: mvuje unatoka mzizini, na kukauka si hoja ya kisayansi. Mimi niliona ushindi wake ni wa bei rahisi. Karibu kila kanuni ya mlo iliyotungwa na wanadamu ina mshono unaoachia mahali fulani, zikiwemo za madaktari, ambao kwa miaka mingi walitukataza mayai kwa sababu ya lehemu, yaani kolesteroli, kisha wakalegeza masharti. Swali lenye uzito si kama kanuni inashikamana mwanzo hadi mwisho, bali inamfanyia nini anayeifuata.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa na utata unaostahili muda wetu. Chukua desturi ya mkahawa huu ya kufunga jiko kabla ya jua kuzama. Mombasa jua huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni mwaka mzima, na kwa hiyo chakula cha mwisho hutolewa saa 11 na nusu. Adhana ya magharibi husikika wakati wahudumu wanafuta meza. Katika mwezi wa Ramadhani, nusu ya mtaa huanza kula dakika ile ile ambayo nusu nyingine inaacha. Sababu ya Wajaini ni kwamba gizani mtu huweza kuua wadudu asiowaona, moto wa taa ukiwavuta na sufuria ikiwameza. Mwenye kudai ushahidi ataliona hilo kuwa limepitwa na wakati tangu ilipokuja taa ya umeme. Lakini mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao wanaume walio ukingoni mwa kisukari walipewa milo yao yote katika saa sita za mapema za mchana, mlo wa mwisho ukiwa kabla ya saa 9 alasiri, na baada ya majuma matano miili yao ilikuwa inaitikia insulini vizuri zaidi na shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka, ingawa uzito wao haukupungua. Wanaume hao walikuwa wanane tu. Mfamasia alinikumbusha jambo hilo kabla sijamaliza kulieleza, na ana haki: watu wanane hawatoshi kuuamuru ulimwengu wote ule kabla ya magharibi. Hata hivyo, wanatosha kumfanya mtu mwenye busara aache kuicheka desturi ambayo sababu yake haiamini.

Maji nayo. Wajaini wanaoshika masharti makali hunywa maji yaliyochemshwa tu, na mkahawani hapa birika la maji yaliyochemshwa na kupozwa liko juu ya kila meza. Sababu yao inahusu uhai ulio ndani ya maji, si vijidudu vya maabara. Lakini katika mji ambao kipindupindu kimerudi mara kwa mara, familia inayochemsha maji kwa ajili ya roho yake imejikinga sawasawa na ile inayochemsha kwa agizo la afisa wa afya. Shaka huchuja sababu, na hiyo ni kazi yake halali. Inapokosea ni pale inapodhani kwamba ikishaiangusha sababu imeiangusha na desturi yenyewe.

Mpishi mkuu si Mhindi wala si Mjaini. Ni mwanamke wa Kigiriama ambaye amepika katika jiko hili kwa miaka mingi, na rotli zake hufura kama inavyotakiwa kila anapozigeuza juu ya moto mtupu. Nilimwuliza kama naye ameacha kitunguu. "Kwetu nakula, tena sana," akasema bila kuinua macho kwenye kifimbo chake. "Hapa ni kwa watu. Mtu akikwambia kitu fulani hakili, wewe unamlazimisha kwa nini?" Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya heshima inayostahili uchaguzi wa mtu mzima juu ya mwili wake.

Kisha kuna upande wa pili, ambao nisingekuwa mkweli kama ningeuruka kwa sababu ya uzuri wa patra.

Juu ya kila meza, chini ya kioo, kuna karatasi iliyopigwa chapa inayotaja kila mboga na maradhi yanayodaiwa kuponywa nayo. Karela, inasema karatasi hiyo, huponya kisukari. Karela la hapa, lililopikwa kwa sukari guru na ufuta mpaka uchungu wake ukawa wa kupendeza, ni mboga bora, na ningelila hata kama lisingetibu kitu. Lakini mapitio ya kitaalamu ya majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa hayajapata ushahidi wa kutosha kwamba linatibu kisukari cha aina ya pili, na mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, akinywa juisi ya karela kwa wingi, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Mtu akiiamini karatasi hiyo kiasi cha kuacha dawa, hatalindwa na usafi wa nia ya aliyeichapa. Rafiki yangu alimwambia mzee jambo hilo kwa adabu, naye akasema karatasi aliletewa na mteja. Ingefaa iondolewe.

Ukutani, karibu na mahali pa kulipia, zimetundikwa picha za watu wa familia waliomaliza kufunga siku nane katika msimu wa Paryushan, msimu mtakatifu wa Wajaini, wakinywa maji yaliyochemshwa pekee. Wote ni watu wazima, na nyuso zao zina furaha. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyechagua mwenyewe, na ambaye watu wake wanamwangalia, sina la kusema zaidi ya kustaajabu. Ila siwezi kuzitazama picha hizo bila kukumbuka kwamba Oktoba 2016, mjini Hyderabad, msichana wa miaka 13 kutoka familia ya Kijaini alifariki dunia baada ya kufunga siku 68, na kwamba Wajaini wenyewe walikuwa miongoni mwa waliolia kwa hasira. Uchaguzi binafsi wa afya unahitaji mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Kwa mtoto, shaka haina budi kusema kwa sauti, wala isione haya kuitwa utovu wa heshima.

Mazungumzo yaliyonikaa zaidi kichwani yalianza kwa jambo dogo. Mzee aliketi nasi chai ilipokuja, akatoa kijaluba mfukoni, akameza kidonge cha metformin. Ana kisukari kwa miaka mingi, yeye ambaye hajawahi kuonja nyama.

"Samahani kwa kusema hivi, mzee," mfamasia akaanza, "lakini wali, sukari guru na samli kila siku, na kukaa kwenye kiti hiki tangu asubuhi..."

"Kweli yote, mwanangu. Daktari naye anasema hivyo hivyo. Na kaka yangu? Tumekula sufuria moja tangu utoto. Amekaa kiti kama hiki. Yeye hana."

"Hiyo ni bahati, mzee. Na urithi."

"Basi wewe sema bahati, mimi nasema karma. Dawa tunameza ile ile."

Rafiki yangu hakuwa na jibu, na sidhani kwamba lilikuwepo. Yapo mengi ambayo sayansi inaweza kuueleza mkahawa mzima kwa pamoja. Watu wenye asili ya Asia Kusini hupata kisukari cha aina ya pili wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kiasi kwamba mwaka 2004 wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze pale uwiano wa uzito na kimo, yaani BMI, unapofika 23, badala ya 25. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba India peke yake ina watu milioni 101 wenye kisukari. Hizo ni habari za umma wa watu. Swali la mzee lilikuwa la mtu mmoja na kaka yake, na kwa swali hilo mwanasayansi mwaminifu hubaki na neno bahati, ambalo halimwelezi mzee lolote zaidi ya alilolijua. Tofauti ni kwamba bahati haimwagizi mtu kufanya kitu wala haimlaumu. Karma inamwagiza, na inamlaumu pia.

Lawama hiyo ndiyo inayonifanya nisiipokee itikadi hii, pamoja na kuuheshimu mlo wake. Mzee akisema juu yake mwenyewe kwamba labda alitenda jambo katika maisha yaliyopita, ananyenyekea. Mtu mwingine akimwambia vivyo hivyo mama wa mtoto aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa ambao si haba huku pwani, anamtwika mama huyo mzigo ambao hakuubeba. Mtoto huyo alirithi vinasaba kwa baba na kwa mama, na ni vinasaba vilivyoenea katika nchi zenye malaria kwa sababu aliyerithi kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hakuna deni lolote linalodaiwa katika habari hiyo.

Lakini wasioamini karma wasifurahi mapema. Nendeni katika matanga yoyote ya mtu aliyekufa kwa kiharusi au kwa saratani, msikilize maswali ya waombolezaji. Alikuwa anakula nini? Alikuwa anavuta? Alikuwa anafanya mazoezi? Jibu likiwa la kumtia hatiani marehemu, watu hupumua, na mmoja wao atasema kwa sauti ya chini kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Likiwa la kumtoa hatiani, yaani hakuvuta, alikula mboga, alitembea kila alfajiri kandokando ya bahari pale Lighthouse, watu huingiwa na fadhaa, wakaanza kutafuta kosa jingine. Wapo wanaopata saratani ya mapafu bila kuwahi kuvuta sigara hata moja. Kujitunza hupunguza uwezekano wa kuugua, na kuupunguza ni jambo kubwa, lakini hakumpi mtu hati ya kusalimika. Mtu anayemcheka Mjaini kwa kuhesabu dhambi za kitunguu, kisha akaamini kwamba kila aliyeugua aliyataka mwenyewe, ana karma yake pia, ila ameivika koti jeupe la daktari. Rafiki yangu mfamasia hakulipenda wazo hili nilipomtajia njiani, akasema nachanganya takwimu na imani. Bado tunabishana.

Nirudi mezani. Je, mlo huu ni wa afya? Kwa sehemu. Kunde, mbaazi, choroko na dengu zimejaa, mboga ni nyingi na mbichi za siku ile, na nyama za viwandani, ambazo mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, hazipo kabisa. Lakini samli humiminwa kwa ukarimu wa hatari, dali na karela vina sukari guru, na achari na papadi peke yake huweza kumaliza sehemu kubwa ya gramu 5 za chumvi ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizivuke kwa siku. Anayetaka kuushika mlo wa namna hii nyumbani kwa muda mrefu aiangalie pia vitamini B12, ambayo hupatikana katika vyakula vya wanyama. Maziwa na mtindi huileta kidogo, na upungufu wake umeonekana kwa wingi miongoni mwa watu wa India wasiokula nyama. Kipimo chake ni cha damu, na vidonge vyake si ghali. Mteja akiomba rotli kavu na kitamutamu kisiletwe, hakuna anayenuna. Mwenye kisukari anaweza kula hapa vizuri kwa dali kidogo, kadhi, mboga za majani, patra vipande viwili na wali nusu.

Mahali penyewe ni safi, sakafu hufutwa mara kwa mara, na sabuni ya kunawia ipo kila wakati. Joto la mchana ni kali kwa sababu feni ni mbili tu. Pa kuegesha gari hapapatikani kwa urahisi, kwa hiyo tuktuk ni bora. Malipo ni kwa fedha taslimu au M-Pesa. Watoto hulipa nusu, na mwenye mkahawa huwapa chakula chao kwanza, kabla hata ya wazazi hawajaagiza.

Kwa ladha na kwa bei, ningeupendekeza mkahawa huu kwa mtu yeyote asiyeogopa harufu ya mvuje. Anayekwenda kwa mara ya kwanza afike saa 6 mchana, wakati rotli zinatoka bila foleni, aombe patra na bhajia za ndizi mbichi kabla ya wali, na khichdi aiache. Jumapili, baada ya ibada ya hekaluni, meza hujaa familia na mgeni husubiri kwa muda mrefu. Jioni asipokuwa ameketi kufikia saa 11 na nusu, atakuta mlango umeshafungwa, na kwa saa hiyo viazi karai vya nje vitakuwa vimeanza kukaangwa.